Bajeti Kubwa, Gemu Pungufu: Mjadala wa Mpakani

MWANDISHI

Hoja iliyo mezani ni kwamba gemu za video zinazotengenezwa kwa mamia ya mamilioni ya dola zinawavunja moyo wachezaji, na kwamba lawama si ya mchezaji aliyekua akapoteza hamu, bali ni ya namna gemu hizo zinavyotengenezwa na kuuzwa. Naiunga mkono, ila si kwa sababu inayotajwa kila mara. Wengi husema kampuni zimeingiwa na tamaa, wakaishia hapo. Tamaa ilikuwepo tangu gemu ya kwanza iuzwe, kwa hiyo haiwezi peke yake kueleza kwa nini mambo yameharibika sasa. Ninachodai ni kwamba ukubwa wa bajeti ndio unaozaa upungufu. Kampuni ikishazamisha fedha nyingi kiasi cha kutoweza kuhimili hasara, hutafuta wa kuibeba hasara hiyo, na aliye karibu ni mnunuzi. Humuuzia gemu kabla haijaiva, humrudia mfukoni baada ya kumuuzia, na hubaki na uwezo wa kuizima gemu siku itakapoona haina faida tena.

Mjadala nimeuweka Busia, Malaba na Budalang'i, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, kwa makusudi. Huku gemu kubwa hufika imechelewa, mara nyingi kwenye mashine ya mtumba iliyoingia kwa jina la "ex-UK", na huchezewa bandani: runinga moja, padi mbili ambazo mpira wa vidole umekwisha kulika, na foleni ya vijana nyuma ya benchi, kila mmoja na sarafu yake ya mechi. Mchezaji wa aina hii hashabikii kampuni yoyote, wala hakuagiza gemu miezi sita kabla haijatoka. Ikimchosha atahamia runinga ya pili na kumwomba mwenye banda amwekee ile ya zamani. Kwa kuwa hana cha kutetea, hukumu yake ni ya kusikilizwa. Sauti tatu zitakazosikika hapa, ya Mchezaji, ya Mwenye Banda na ya Mtetezi wa kampuni, si za watu fulani. Ni misimamo mitatu niliyoiachia uwanja ijieleze kwa nguvu zake zote kabla sijaipima.

MCHEZAJI

Tuanze na mpira, maana ndio unaojaza mabanda kutoka Malaba hadi Port Victoria. Konami walikuwa na Pro Evolution Soccer (PES), gemu iliyotawala enzi za PS2 na ambayo bado ina watu wake. Mwaka 2021 waliibadilisha jina ikawa eFootball, na tarehe 30 Septemba wakaitoa bure. Nyuso za Messi na Ronaldo zilitoka zimepinda hadi watu wakazifanya kichekesho, timu za kuchezea zilikuwa 9 tu, na Master League, ile sehemu ya kuchukua kikosi dhaifu na kukijenga msimu baada ya msimu, haikuwepo. Ndani ya siku chache kampuni iliomba radhi. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Rockstar nao wakatoa upya GTA tatu za zamani, San Andreas ya 2004 ikiwemo, gemu ambayo kijana wa Kenya anaijua mitaa yake kuliko anavyoijua mitaa ya Kisumu. Humo mna duka la donati liitwalo Tuff Nut, na juu ya paa lake kuna nati kubwa ya chuma yenye pembe sita, utani wa wachoraji wa kwanza. Toleo jipya lilizilainisha zile pembe, nati ikawa duara lisilo na maana. Kazi kubwa ya kung'arisha picha iliachiwa programu, na inaonekana hapakuwa na jicho la mtu la kuipitia mara ya mwisho. Mvua ilikuwa michirizi myeupe iliyoficha barabara. Rockstar nao wakaomba radhi, na kwenye kompyuta wakalazimika kuyarudisha sokoni matoleo ya zamani waliyokuwa wameyaondoa.

Msiniambie hizo ni ajali mbili. Cyberpunk 2077 ya CD Projekt kutoka Poland ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 baada ya kusubiriwa miaka. Kwenye PS4 ilikuwa mbovu kiasi kwamba Sony iliiondoa dukani kwake kabla wiki mbili hazijapita na kuwarudishia watu fedha, ikarudi Juni 2021. Ubisoft walitangaza Skull and Bones mwaka 2017, wakaitoa Februari 2024, na mkuu wao Yves Guillemot alipoulizwa kwa nini ni ghali akasema iko daraja la juu kuliko hata zile tunazoziita kubwa. Wachezaji hawakuliona hilo daraja. Concord ya Sony ilifunguliwa tarehe 23 Agosti 2024 na kufungwa tarehe 6 Septemba. Wiki mbili! Studio iliyoitengeneza ilifungwa mwezi uliofuata. Nikiwa na shilingi zangu chache, kwa nini niamini kwamba bei kubwa ni dalili ya kitu kizuri?

MTETEZI

Ndugu yangu Mchezaji, umekusanya maiti ukasahau walio hai. Kwanza, bei. Mwaka 2005 gemu mpya ilianza kuuzwa dola 60 nchini Marekani. Leo nyingi ni dola 70. Ukiondoa mfumuko wa bei wa miaka 20, gemu imekuwa rahisi, haijapanda. Pili, kazi yenyewe. Gemu ya PS2 ilitosha kwenye DVD moja ya GB 4.7. Leo mnataka mji mzima, kila dirisha na mwanga wake, kila uso na mikunjo yake, na nyuma ya kila kimoja kuna watu wa kulipwa mishahara kwa miaka mitano au sita. Tatu, kampuni hazitoroki. Hiyo Cyberpunk unayoizika ilirekebishwa mpaka Septemba 2023 ikatoka na apdeti ya 2.0, na nyongeza yake, Phantom Liberty, ikasifiwa na walewale walioitukana. Mwisho, hakuna anayeshikiwa bunduki. GTA V ya 2013 imeuza zaidi ya nakala milioni 200. Watu hawanunui kwa wingi huo kitu kinachowasikitisha.

MWANDISHI

Mtetezi ana haki katika jambo la bei ya kibandiko, na kwa kulikubali hilo tunafika kwenye kiini. Nyaraka zilizofika mahakamani Marekani mwaka 2023, katika kesi ya Microsoft kutaka kuinunua Activision, zilionyesha kwamba The Last of Us Part II iligharimu kama dola milioni 220 na Horizon Forbidden West dola milioni 212. Tufanye hesabu. Gemu ikiuzwa dola 70, duka hukata kama asilimia 30, zikabaki dola 49. Kurudisha dola milioni 220 tu, kabla ya matangazo na kabla ya senti moja ya faida, kunahitaji wanunuzi milioni nne na nusu wanaolipa bei kamili. Hesabu hiyo ikishakaa mezani, maamuzi mengine yote hujipanga yenyewe. Hakuna meneja atakayeruhusu wazo jipya, maana jipya laweza kuanguka. Hakuna atakayeongeza miezi minane ya majaribio, maana kila mwezi ni mishahara ya mamia ya watu. Na hakuna atakayeridhika na mnunuzi anayelipa mara moja akaenda zake.

Hapo ndipo dola 70 zinapoacha kuwa bei. Kampuni ya EA iliripoti kwamba katika mwaka wake wa fedha ulioishia Machi 2021, sehemu za Ultimate Team kwenye gemu zake za michezo ziliiingizia dola bilioni 1.62, karibu asilimia 29 ya mapato yake yote. Katika sehemu hiyo mchezaji hununua pakiti bila kujua ndani kuna nani: huenda ni Mbappé, huenda ni beki wa akiba wa ligi ya chini. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba biashara ya masanduku ya bahati ndani ya gemu ni kamari, na mapema mwaka 2019 EA ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti hizo. Kenya, iliyozipiga vita mashine za bonanza zilizokuwa zikimeza sarafu za watoto madukani, haijauliza swali hilo kwa gemu. Kwa hiyo bei aliyoilinganisha Mtetezi na ya 2005 ni kiingilio tu. Na takwimu ya GTA V inathibitisha kinyume cha alichokusudia: gemu iliyopata fedha hivyo kwa miaka zaidi ya kumi kupitia sehemu yake ya mtandaoni ndiyo iliyowafundisha wakubwa wote kutotaka tena kuuza na kuondoka. Sony ilipanga gemu 12 za huduma isiyokwisha hadi kufikia mwaka wa fedha wa 2025, kisha Novemba 2023 ikazipunguza hadi 6. Concord ilizaliwa katika mpango huo.

Ama kuhusu marekebisho, mfano wa Cyberpunk una upande ambao Mtetezi hakuutaja, na kwa wachezaji wa mpakani ndio upande wenye uzito. Apdeti ya 2.0 na Phantom Liberty hazikutolewa kwa PS4 wala Xbox One. Mashine ambazo gemu ilikuwa mbovu zaidi kwazo ndizo zilizokosa tiba ya mwisho. Walioinunua siku ya kwanza waligharamia ukarabati ambao matunda yake mazuri waliyala wenye PS5. Nani mwenye PS4 leo? Ni yule aliyeipata kwa mkono wa pili, Busia kama kwingineko. Kusema "itarekebishwa" ni kumwambia mnunuzi maskini alipie sasa ili tajiri afaidi baadaye.

MWENYE BANDA

Mnazungumza hesabu za Marekani. Ngojeni niwape za kwangu. Dola 70, kwa shilingi 129 kila moja, ni 9,030. Nikitoza mechi shilingi 20, nahitaji mechi 452 kabla sijalipa kodi ya chumba wala token za stima. Hiyo naweza kuivumilia, biashara ni subira. Lakini diski ikifika, haichezi. Inataka ipakue kwanza, na gemu kubwa za siku hizi kufika GB 100 si ajabu. Tuchukue bando la siku la GB 1 kwa shilingi 99. GB 100 ni shilingi 9,900. Intaneti imezidi bei ya gemu! Ile diski ya PS2 niliitia, nikachomeka memori kadi ya MB 8, vijana wakaanza. Stima ikipotea na kurudi, tunaendelea palepale walipohifadhi.

Na diski zenyewe zinaondoka. PS5 Pro ya Novemba 2024 imekuja bila sehemu ya kuingizia diski, mpaka uinunue kando. Switch 2 ya 2025 inauza kadi nyingine ambazo ndani hamna gemu, ni kibali cha kwenda kuipakua. Sisi huku tunaishi kwa kuuziana. Gemu ikichosha Malaba, inauzwa Busia, ikichosha Busia inafika Port Victoria. Ukiniondolea diski umeniondolea soko. Halafu muone lingine: padi mbili kwenye runinga moja. Hilo ndilo banda. Lakini gemu nyingi za vita na za matembezi zinataka kila mtu awe na mashine yake, akaunti yake na laini yake. Mpira, ngumi na mieleka ndizo zimebaki zetu. Huyo aliyezibuni hizo nyingine hakutufikiria hata kidogo.

MTETEZI

Mzee, kwa heshima zote, tuseme ukweli mchungu. Hizo PS2 mnazozililia nyingi zilikuwa zimetiwa chipu, na diski zake zilichomwa mtaani zikauzwa bei ya soda. Kampuni haikuona hata senti. Asiyenunua kihalali hana haki ya kupanga bidhaa iweje. Na kama mngelipa, kampuni zingewafikiria. Soko halimtazami mtu asiyelipa.

MWANDISHI

Hili ni pingamizi la haki na halifai kukwepwa. Kuiga gemu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, na mtu hawezi kudai mchoraji alipwe vizuri huku akinunua diski ya kuchoma. Hata hivyo pingamizi hili halibomoi hoja, kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba ukweli wa lalamiko hautegemei mlalamikaji. Waliorudishiwa fedha za Cyberpunk na Concord walikuwa wanunuzi halali, na walilalamikia mambo yaleyale.

Ya pili inaipindua kauli ya Mtetezi kwamba mlipaji hufikiriwa. Mei 2024 Sony ilitaka kila anayecheza Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya PlayStation Network. Huduma hiyo haiko rasmi Kenya, Uganda wala Tanzania. Gemu iliondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177, na watu walioilipia wakajikuta wako upande usioruhusiwa. Kelele za wachezaji duniani ziliifanya kampuni iachane na sharti hilo ndani ya siku chache tu, lakini funzo lilibaki: mwenye kadi na fedha mkononi mjini Busia aliambiwa kwamba nchi yake haimo kwenye orodha. Ndiyo maana Wakenya wengi wenye mashine hizi hufungua akaunti kwa anwani ya Uingereza, ya Marekani au ya Afrika Kusini. Wanalazimika kusema uongo ili walipe.

Ya tatu ni kwamba kufuli za mtandao humwadhibu mnunuzi, zikamwacha mwizi. Ubisoft ilizima seva za The Crew tarehe 31 Machi 2024. Gemu hiyo ya magari ya mwaka 2014 haikuweza kuendeshwa bila seva hata ukiwa peke yako, hivyo diski halali zikawa vipande vya plastiki usiku mmoja. Kutokana na hasira hiyo Ross Scott alianzisha harakati ya Stop Killing Games, na kufikia Julai 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepita sahihi milioni moja. Diski ya PES iliyochomwa mtaani bado inacheza. Mfumo unaomfanya mwizi awe na kitu cha kudumu kuliko mnunuzi hauwezi kujitetea kwa kumtaja mwizi.

MTETEZI

Basi nijibuni hili. Baldur's Gate 3 ya 2023 ilikuwa na bajeti kubwa na haikumsikitisha mtu. Elden Ring ya 2022 vilevile. Kama ukubwa wa bajeti ndio ugonjwa, hizi zilipona vipi? Au mnachokililia ni ujana wenu? Kila kizazi husema vya zamani vilikuwa bora.

MWANDISHI

Hapa Mtetezi ananilazimisha niinoe hoja, na naona inatoka kali zaidi. Larian wa Ubelgiji, waliotengeneza Baldur's Gate 3, ni kampuni isiyouza hisa zake sokoni. Walianza kuiuza gemu hiyo Oktoba 2020, wakisema waziwazi haijakamilika, wakaisikiliza sauti ya wanunuzi kwa karibu miaka mitatu, na walipoitoa Agosti 2023 hawakuweka duka la kumkamua mchezaji ndani yake. Kwa maneno mengine, hatari waliibeba wenyewe, na sehemu aliyobeba mnunuzi aliambiwa mapema. Kwa hiyo swali halisi ni nani anayebeba hasara fedha zikipotea. Bajeti kubwa iliyo chini ya mtu anayekubali kuanguka yaweza kuzaa kazi nzuri. Bajeti kubwa inayodaiwa faida kila robo mwaka huzaa Concord. Ndiyo sababu ya kuiangalia EA kwa wasiwasi: Septemba 2025 ilitangazwa kwamba itanunuliwa kwa dola bilioni 55 na kundi linaloongozwa na hazina ya Saudi Arabia, na dola bilioni 20 kati ya hizo ni mkopo. Mkopo wa namna hiyo hulipwa na mtu, na katika biashara ya EA mtu huyo ni mfungua pakiti.

Upande wa pili wa mizani kuna gemu ndogo zinazoonyesha kwamba kilichokosekana si fedha. Balatro ya 2024 ilitengenezwa na mtu mmoja Kanada. It Takes Two ya 2021 imebuniwa kwa ajili ya watu wawili wanaokaa bega kwa bega mbele ya runinga moja, jambo analolitaka Mwenye Banda, na ikauza mamilioni kadhaa ya nakala. Karibu zaidi na nyumbani, Aprili 2024 Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: Zau kwa dola 20. Ni kisa cha mganga kijana anayetaka mungu wa kifo amrudishie baba yake, kimejengwa juu ya simulizi za Kibantu, na mchezaji akitaka atasikia wahusika wakizungumza Kiswahili. Kazi hiyo iliwahusu watu wa huku kuliko mji wowote wa dola milioni 200. Kwamba studio yake ilipunguza wafanyakazi mwaka huohuo ni ushahidi wa soko lilivyopangwa: kubwa husamehewa makosa ya mamilioni, ndogo haisamehewi hata mafanikio ya wastani.

Kuhusu ujana na kumbukumbu, twende kwenye kitu kinachohesabika. FIFA 98 ya EA, iliyotoka 1997, ilikuwa na timu za taifa 172. Gemu rasmi ya Kombe la Dunia la 2010 ilikuwa na timu 199 kati ya 204 zilizoshiriki mchujo. Kenya ilikuwemo, Uganda ilikuwemo. Vijana wa pande mbili za mpaka wangeweza kukaa benchi moja Busia na kucheza Harambee Stars dhidi ya Cranes. Fungua EA Sports FC ya leo, iliyochukua nafasi ya FIFA tangu 2023 na yenye fedha nyingi kupita zile zote, utafute timu hizo. Hazimo, ingawa Kenya, Uganda na Tanzania ndizo zilizopewa kuandaa AFCON ya 2027. Nitajibiwa kwamba ni suala la mikataba ya haki za majina. Sawa, lakini mikataba hufuata kipaumbele, na kipaumbele kimehama kutoka upana wa mchezo kwenda kwenye wachezaji wachache wenye majina yanayouza pakiti. Mtu anayesema gemu ya zamani ilimpa nchi yake na mpya imemnyang'anya hasumbuliwi na kumbukumbu za utotoni. Amehesabu.

Limebaki pingamizi moja ambalo halitoki kwa kampuni, nalo ni zito kuliko yote. Budalang'i ni mahali ambapo Nzoia ikivunja kingo zake watu hulala shuleni na kwenye mahema, kama ilivyotokea 2020. Kulilia gemu mbele ya hayo si anasa? Ingekuwa anasa kama suala lingekuwa gemu peke yake. Lakini namna hii ya kuuza inaenea kwenye vifaa vingine, na wakazi wa kaunti ya Busia wanaijua sura yake kupitia M-KOPA. Unachukua taa ya sola au simu, unalipa kidogo kidogo kila siku, ukikosa kulipa inajifunga. Wengi wanaulalamikia ukali wa mpango huo, lakini una jambo moja la haki: ukimaliza deni, kifaa ni chako na hakuna wa kukizima. Gemu kubwa ya leo imechukua kufuli na kuacha haki. Unalipa yote siku ya kwanza, na kufuli linabaki mkononi mwa muuzaji milele. Maskini ndiye anayeumizwa zaidi na mkataba wa aina hiyo, kwa kuwa kwake shilingi 9,000 haziji mara ya pili, na kitu anachoweza kukiuza tena siku ya shida ni akiba.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nazo, na haki ya fidia akipata hasara. Haisemi "isipokuwa gemu". California, kwenye makao ya baadhi ya kampuni hizi, imetunga sheria iliyoanza Januari 2025 inayomkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja kwamba anachopata ni kibali tu. Nairobi inaweza kufanya hivyo, na kuongeza mawili: kipimo cha intaneti ambacho gemu itahitaji kiandikwe juu ya kasha, na pakiti za bahati zitazamwe kwa jicho lilelile lililozitazama mashine za bonanza. Wakati tunasubiri, mchezaji wa mpakani ana silaha ambayo mwenzake wa London aliyeagiza mapema hana, nayo ni kule kuchelewa kwake. Akingoja mwaka, gemu iliyo nzima itakuwa imejulikana na iliyo pungufu itakuwa imeanguka bei au imezimwa. Kampuni haitabadilika kwa kulaumiwa tamaa yake. Itabadilika siku ambayo gemu isiyoiva itakuwa hasara yake yenyewe, na siku hiyo huletwa na sheria au na mnunuzi anayekataa kuwa wa kwanza.